Jinsi ya kupata muundo wa fuwele wa LDH ya kimelea cha malaria, kuanzia jeni hadi ramani ya elektroni

Plasmodium falciparum akishaingia ndani ya seli nyekundu ya damu huishi kwa kuvunja glukosi, na uvunjaji huo hukwama mara moja kama NAD⁺, molekuli inayopokea elektroni na kugeuka NADH, haitarudishwa. Kazi ya kuirudisha inafanywa na laktati dihidrojinezi, LDH kwa ufupi: inachukua piruvati na NADH, inatoa laktati na NAD⁺. Kimeng'enya hikihiki ndicho baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria hukitafuta kwenye tone la damu.

Binadamu naye ana LDH, na mikunjo ya protini hizo mbili ni ya ukoo mmoja. Tofauti inayowavutia watengeneza dawa iko kwenye kitanzi kinachofunika mdomo wa mfuko wa utendaji: LDH ya kimelea ina asidi amino tano za ziada, DKEWN, ambazo ya binadamu haina. Muundo wa kwanza ulitoka mwaka 1996 na uko kwenye PDB, hazina ya miundo ya protini, kwa namba 1LDG, ukiwa na NADH na oksameti (molekuli inayofanana na piruvati) ndani yake. Kwa hiyo hapa hatuanzi gizani. Anayerudia kazi hii leo kwa kawaida anataka kuona molekuli mpya ikiwa imekaa ndani ya mfuko ule, na kitanzi kikiwa kimeifunika. Kitanzi kisipoonekana kwenye ramani, sehemu kubwa ya kazi imepotea hata kama takwimu zote ni nzuri. Mengi ya yanayoshauriwa hapa chini yanatokana na hilo.

Jeni

Jenomu ya P. falciparum ina karibu asilimia 80 ya A na T. E. coli akipewa jeni hilo kama lilivyo hukwama kwenye kodoni (herufi tatu-tatu za jeni) asizozizoea, hasa AGA ya arjinini na ATA ya isolusini, na matokeo yake ni vipande vifupi vya protini au hakuna kitu. Agiza jeni lililoandikwa upya kwa kodoni za E. coli. Ni rahisi kuliko kuhangaika na aina za bakteria zenye tRNA za nyongeza, ingawa nazo hufanya kazi.

Protini ina asidi amino 316, kama kDa (kilodaltoni) 34 kwa mnyororo mmoja, na hufanya kazi minyororo minne ikiwa pamoja. Liweke jeni kwenye pET-28a au plasmidi ya aina hiyo, mkia wa histidini sita ukiwa mwanzoni mwa mnyororo, na kati ya mkia na protini pawe na mahali pa kukatwa na kimeng'enya cha trombini au TEV. Mkia usiokatwa wakati mwingine hauzuii fuwele. Lakini ukibaki unaning'inia kwenye maji, molekuli hazipangiki vizuri, na utalipia hilo wakati wa eksirei.

Kuotesha na kusafisha

Tumia E. coli wa aina ya BL21(DE3), kiuavijasumu cha kanamaisini 50 µg/mL, lita moja ya LB (chakula cha bakteria) kwenye chupa ya lita mbili na nusu ili hewa iingie. Otesha kwa nyuzi 37 hadi OD600, kipimo cha wingi wa bakteria, ifike 0.6–0.8. Shusha joto hadi nyuzi 18 na usubiri nusu saa bakteria wapoe kweli, ndipo utie IPTG 0.3 mM, inayowasha jeni, na kuacha saa 16. Wengi hutia IPTG chupa ikiwa bado ya moto, kisha wanashangaa kuona protini yote iko kwenye mashapo.

Pasua seli ndani ya Tris 50 mM pH 8.0, NaCl 300 mM na imidazoli 10 mM, pamoja na PMSF 1 mM (huzuia vimeng'enya vinavyokata protini) iliyotiwa dakika ya mwisho kwa sababu haidumu ndani ya maji. Chombo kiwe ndani ya barafu. Piga mawimbi ya sauti sekunde 5, pumzika 10, kwa jumla ya dakika tano za kupiga. Povu likianza kupanda, shusha ncha ya kifaa, kwani povu huharibu protini. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 20,000 g dakika 45. Maji ya juu yapite kwenye shanga za nikeli, osha kwa imidazoli 25 mM hadi A280 (mwanga wa nanomita 280 unaonyonywa na protini) itulie, kisha ng'oa protini kwa 250 mM. Usiweke EDTA kwenye bafa hizi, kwani inang'oa nikeli yenyewe, na DTT nyingi huzigeuza shanga rangi ya kahawia.

Tia kikata-mkia kwa uwiano wa 1:100 kwa uzito, ndani ya mfuko wa dayalisisi, nyuzi 4, usiku kucha. Pitisha tena kwenye nikeli: protini iliyokatwa hupita, isiyokatwa hubaki. Kama ulitumia trombini, izime kwa PMSF kabla ya kuendelea, la sivyo itaendelea kutafuna taratibu kwa wiki nzima fuwele zinapojijenga.

Mwisho ni safu ya Superdex 200, inayotenga protini kwa ukubwa, ndani ya HEPES 20 mM pH 7.5, NaCl 150 mM na DTT 1 mM. Minyororo minne ni kama kDa 136, kwa hiyo kilele kikuu kinatakiwa kitoke karibu na aldolesi ya kupimia, yenye kDa 158. Kilele cha mapema kabisa, palepale safu inapoanza kutoa, ni protini iliyoshikamana ovyo. Usikichanganye na kile kizuri hata kama mavuno ni machache: chukua sehemu za katikati ya kilele tu na uache mabega yote mawili. Tone lenye asilimia tano ya protini iliyoshikamana linaweza kukunyima fuwele kwa miezi.

Hakikisha ni LDH ya kimelea

Kuna mtego hapa usiotajwa mara nyingi. E. coli ana laktati dihidrojinezi yake, ya D-laktati, nayo inakula piruvati na NADH vilevile. Ukipima kwa kuangalia NADH ikipungua kwenye nanomita 340, unaweza kushangilia kazi ya uchafu. Dawa yake ni kupima upande wa pili: mpe kimeng'enya L-laktati pamoja na APAD⁺, ndugu wa NAD⁺ ambaye LDH ya Plasmodium humpokea kwa kasi huku ya binadamu ikimsuasulia. Usomaji wa APADH uko karibu na nanomita 365. Weka na kipimo cha seli zenye plasmidi tupu. Kisome sifuri au karibu yake.

Pima kiasi cha protini kabla ya kutia NADH. NADH hunyonya mwanga kwenye 260 pia, na mkia wa kilele hicho hufika 280 na kukudanganya. Kigawo cha unyonyaji kikokotoe kutoka kwenye mfuatano wenyewe. Makisio ya "1 kwa kila mg/mL" hayafai kwa protini yenye triptofani chache kama hii.

Kufunga kitanzi kabla ya tone

LDH tupu huacha kitanzi wazi, kinapepea, na kinachopepea hakionekani kwa eksirei. NADH ikiingia kwanza, kisha oksameti, kitanzi hushuka na kufunga. Oksameti ni piruvati ambayo kundi lake la CH₃ limebadilishwa na NH₂: inakaa mahali pa piruvati lakini haigeuzwi.

Kwa mikrolita 100, changanya:

protini ya 12 mg/mL, µL 86
NADH 50 mM (35.5 mg kwa mL), µL 4
oksameti ya sodiamu 100 mM (11.1 mg kwa mL), µL 10

Unapata protini kama 10 mg/mL, yaani takribani 0.3 mM ya minyororo, NADH 2 mM na oksameti 10 mM. Acha kwenye barafu nusu saa, kisha zungusha dakika kumi kwa kasi ya juu kabisa ya sentrifuji ndogo, na uchukue ya juu bila kugusa kitako cha tyubu.

NADH iyeyushe siku hiyohiyo kwenye bafa ya pH 8 hivi. Asidi huiharibu, na fosfeti huharakisha uharibifu, kwa hiyo tone la pH 5 lenye fosfeti litakuwa na NADH iliyooza kabla fuwele haijaanza. Kama unapima kizuizi kipya kilichoyeyushwa kwa DMSO, kitie mahali pa oksameti na ujumla wa DMSO usizidi asilimia 5.

Matone

Roboti inayochanganya nL 100 za protini na nL 100 za maji ya kisima kwa kila tone inatumia kama µL 10 za protini kwa sahani ya visima 96, kwa hiyo sahani tatu au nne za masharti tofauti hazikumalizi. Weka sahani mbili kwa nyuzi 20 na moja kwa nyuzi 4. Tazama baada ya saa chache, siku ya 1, 3, 7, 14, na andika kila ulichoona, hata "safi".

Ukiwa na darubini, jifunze kusoma tone. Ukungu mweupe wa kahawa-maziwa uliotokea papo hapo maana yake kimezidi: punguza protini nusu. Zaidi ya robo tatu ya matone yakiwa safi kabisa baada ya wiki, ongeza protini. Ngozi juu ya tone ni protini iliyokufa, na matone ya mafuta-mafuta yanayong'aa ni dalili nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwani mara nyingi fuwele huzaliwa pembezoni mwake.

Ukiona kitu chenye kona kali, usipige picha ya kusherehekea kwanza. Kiguse na sindano ya acupuncture au unyoya mgumu. Fuwele ya protini imejaa maji, karibu nusu ya ujazo wake. Inavunjika kama sabuni laini, kimya. Ya chumvi hulia "tik" kwenye plastiki, sindano hupinda na fuwele huruka upande. Chumvi hupatikana sana pale fosfeti inapokutana na magnesi au kalsi. Kwa LDH iliyojaa NADH kuna ishara ya ziada: mwanga wa UV wa 340 huifanya NADH ing'ae samawati, na fuwele yenye NADH inang'aa zaidi ya tone lililoizunguka.

Ukipata mahali pa kuanzia, panua kwa mkono kwenye sahani ya visima 24: µL 500 kisimani, tone la µL 1 + 1, PEG 3350 (inayoisukuma protini itoke kwenye maji) kutoka asilimia 12 hadi 24 kwa hatua za 2, na pH 6.5, 7.0, 7.5 na 8.0. Kama fuwele ni nyingi na ndogo kama mchanga, vituo vya kuanzia vimezidi. Ziponde chache kwa shanga ndani ya µL 50 za maji ya kisima, punguza mara 100, 1,000 na 10,000, na utie µL 0.2 ya kila moja kwenye matone mapya yenye PEG pungufu kwa asilimia 2 hadi 3. Kupanda mbegu hivi kumeokoa miradi mingi kuliko kununua sahani za masharti mapya.

Jihadhari na masharti yenye salfeti nyingi, sitrati au maloneti. Arjinini 171 iko ndani ya mfuko ikisubiri kundi la asidi, na haina ubaguzi. Salfeti ya molari mbili mbele ya kizuizi cha milimolari moja itashinda, kisha utaeleza kwenye ripoti kwa nini kizuizi chako "hakifungi".

Kugandisha

Fuwele inasomwa ikiwa Kelvin 100, na lazima igande bila barafu yenye fuwele. Tengeneza maji ya kisima yenye gliseroli au ethileni glikoli asilimia 20 hadi 25, pamoja na NADH na oksameti kwa kiasi kilekile cha tone. Hili la mwisho husahaulika sana: fuwele ikioga sekunde thelathini kwenye maji yasiyo na oksameti, oksameti inatoka na kitanzi kinafunguka, wakati mwingine kikipasua fuwele. Mimi ningeanza na ethileni glikoli au PEG 400, kwani gliseroli ina tabia ya kuingia kwenye mifuko ya vimeng'enya na kuonekana kama kitu muhimu.

Chagua kitanzi cha nailoni kinacholingana na fuwele, cha mm 0.2 kwa fuwele ya mm 0.2. Kikizidi, kinabeba maji mengi yasiyo na kazi. Ingia kwenye tone kutoka ubavuni, inua fuwele, gusa maji ya kinga sekunde 5, kisha zamisha ndani ya nitrojeni kimiminika kwa mkono mmoja wa haraka. Hewa baridi iliyokaa juu ya nitrojeni hugandisha polepole kabla ya kuzama. Ipulizie kando kwanza. Na chumba kiwe na hewa ya kutosha, kwa sababu nitrojeni ikichemka hufukuza oksijeni bila harufu wala onyo.

Kwenye eksirei

Piga picha mbili zenye tofauti ya nyuzi 90. Madoa ya eksirei iliyotawanywa na fuwele yawe makali, yaliyotengana, yanayofika mbali pande zote mbili. Mapete kwenye 3.90, 3.67 na 3.44 Å (Å moja ni sehemu ya kumi ya nanomita) ni barafu. Mengi ya mapete hayo hutoka kwenye unyevu uliojishika juu ya fuwele na huondoka kwa kuimwagia nitrojeni kidogo. Yasipoondoka, chukua fuwele nyingine.

Kwenye sinkrotroni, picha za nyuzi 0.1 kwa mzunguko wa nyuzi 360, mwale ukiwa umepunguzwa, ni bora kuliko nyuzi 90 za mwale mkali. Dozi ya mionzi ibaki chini kabisa ya 30 MGy (megagrei). Makundi ya asidi ya asparteti na glutameti huanza kupoteza CO₂ mapema, na asparteti 168 iko palepale unapopahitaji.

Chakata data kwa programu ya XDS au DIALS, unganisha kwa Aimless. Mpaka wa ubainifu uamue kwa CC1/2 (jinsi nusu mbili za data zinavyokubaliana), ukikata inaposhuka kati ya 0.5 na 0.3. Rmerge ni kipimo cha zamani kinachopanda tu kadiri unavyokusanya picha nyingi, kisikutishe.

I222 au I2₁2₁2₁

Hapa ndipo wengi hupoteza siku mbili. Tuseme umepata seli ya orthorombiki yenye pande karibu 80, 86 na 91 Å, iliyojazwa katikati. Ujazo ni kama 626,000 Å3. Gawa kwa nafasi 8, gawa tena kwa 34,000, unapata 2.3 Å3 kwa kila daltoni: mnyororo mmoja kwa kila nafasi, thamani ya kawaida kabisa kwa protini.

Tatizo ni kwamba I222 na I2₁2₁2₁, aina mbili za ulinganifu ambazo seli hiyo inaweza kuwa nazo, hukosa madoa yaleyale. Hakuna programu inayoweza kuzitofautisha kwa kuangalia madoa yaliyokosekana, na ile inayokupa jibu imechagua moja tu kwa mazoea. Mwambie Phaser, programu inayopanga kielelezo cha protini ndani ya seli, ajaribu yote mawili. Jibu sahihi huja na TFZ (alama ya uhakika ya Phaser) ya juu ya 8, jingine huishia chini bila kupanga molekuli.

Kuna na hoja ya jiometri. Minyororo minne ya LDH imepangwa kwa mihimili mitatu ya kugeuza nusu mzunguko inayokutana mahali pamoja. Katika I222 mihimili ya fuwele hukutana hivyo. Katika I2₁2₁2₁ inapishana bila kugusana. Kwa hiyo mnyororo mmoja kwa nafasi ukitaka kukupa kundi zima la wanne, ni I222 peke yake inayoweza.

Kielelezo cha kuanzia kiwe 1LDG kilichovuliwa maji, NADH, oksameti na kitanzi chote, asidi amino za 98 hadi 110. Uchungu wa kuzijenga upya ni mdogo kuliko aibu ya kuona kwenye ramani kile ulichokiingiza mwenyewe. Ukitumia utabiri wa kompyuta wa AlphaFold, kumbuka safu ya B (kwa kawaida kipimo cha kuyumba kwa atomu) ndani yake ni alama za uhakika, kubwa ikiwa nzuri, kinyume cha B halisi. Zibadilishe kwanza na ukate zilizo chini ya 70.

Namba hizi za asidi amino zinafuata LDH ya papa, iliyopatikana mapema zaidi, na zile tano za ziada hupachikwa katikati kwa herufi. Ndiyo maana histidini 195 ya makala si ya 195 ukihesabu kutoka mwanzo wa jeni lako. Amua namba mapema na uziandike wazi.

Kujenga

Tenga asilimia 5 ya madoa kwa Rfree, kipimo cha kosa la muundo kwa madoa usiyoyatumia kuujenga (Rwork ni kwa yale yanayotumika), kabla ya hatua yoyote. Ukiwa na seti ya madoa ya Rfree kutoka fuwele ya awali ya aina ileile, nakili hiyohiyo. Zungusha kati ya programu za Coot (ya kujenga) na REFMAC5 au phenix.refine (za kunyoosha muundo): protini kwanza, kitanzi pili, maji tatu, NADH nne, oksameti au kizuizi mwisho kabisa. Unapotia maji, usiruhusu programu ipande molekuli za maji ndani ya doa la oksameti na kulificha.

Ramani ya tofauti (kati ya data na muundo uliojenga) ikiwa na doa la 3σ, yaani mara tatu ya kelele yake, mfukoni, lisome kwa viungo vyake. Kwa 2 Å huwezi kutofautisha NH₂ na O kwa umbo. Miguu miwili ya kaboksili iangalie arjinini 171. O ya ketoni iwe karibu na histidini 195 na arjinini 109, ile inayokuja na kitanzi. NH₂ inabaki upande wa CH₃ ya piruvati. Ikikaa kinyume, B za atomu hizo hupanda kuzidi za jirani zake na mabaka mekundu na ya kijani hutokea pande mbili. Linganisha pia na ramani ya polder, yaani iliyokokotolewa bila molekuli hiyo.

Kwa data ya 2.0 Å tarajia Rfree karibu 0.22 hadi 0.25, na pengo lake na Rwork lisizidi 0.05 sana. Kipimo cha Ramachandran, cha pembe za mnyororo, kiwe asilimia 98 ndani ya eneo zuri. Asidi amino za kitanzi zikikataa kuonekana hata ramani ikishushwa hadi 0.8σ, zifute na utangaze kwamba hazionekani, hata kama ndizo zilizokuleta.

Unapoweka kwenye PDB kupitia tovuti ya OneDep, tuma faili la muundo (mmCIF) pamoja na madoa yenyewe, ambayo ni lazima tangu 2008, na kabla ya kubonyeza hakikisha umeeleza kwamba kundi la utendaji ni minyororo minne inayotokana na ulinganifu wa fuwele. Usipoandika hivyo, anayepakua faili ataona mnyororo mmoja ukiwa peke yake.